Ujifunzaji Mtandaoni: Istilahi za Msingi na Matumizi Yake

Neno *mtandaoni* limekuwa jibu la haraka kwa kila aina ya elimu inayotolewa bila mwalimu na mwanafunzi kukaa katika chumba kimoja. Mhadhara uliorekodiwa huitwa wa mtandaoni, kipindi cha moja kwa moja huitwa cha mtandaoni, na hata kozi inayosomwa kwa kitabu na kutahiniwa kituoni huitwa hivyo mradi usajili wake ulifanyika kwa kompyuta. Makala hii inafafanua istilahi zinazotumika zaidi katika uwanja huu na kuonyesha mipaka kati yake. Mifano mingi imetolewa Morogoro na Milima ya Uluguru, mahali ambapo mipaka hiyo ina athari za wazi kwa mwanafunzi.

Mji wa Morogoro umekaa chini ya mteremko wa kaskazini wa Uluguru. Ni mji wa vyuo: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na, nje kidogo ya mji, Chuo Kikuu Mzumbe. Juu ya mji, kilele cha Bondwa chenye zaidi ya meta 2,000 kimebeba minara ya mawasiliano. Hata hivyo, mawimbi ya simu husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mlima huyazuia. Mwanafunzi anayeishi nyuma ya kigongo anaweza kuwa karibu na mnara kwa kipimo cha ramani na bado asipate mawasiliano nyumbani kwake. Kwa mwanafunzi huyo, neno *mtandaoni* katika tangazo la chuo ni sharti la kujiunga, ingawa aliyeliandika huenda hakukusudia kuweka sharti lolote.

Maswali manne ya kuchagua istilahi

Mfasiri au mwalimu anayetafuta istilahi sahihi anashauriwa kujiuliza maswali manne, kila moja kwa wakati wake.

1. Mwanafunzi yuko wapi? Jibu huleta *ana kwa ana* au *masafa*.
2. Anajifunza lini? Jibu huleta *mubashara* au *nyakati tofauti*.
3. Somo linamfikia kwa chombo gani? Jibu huleta *mtandaoni*, *redioni*, *kwa kitabu* na kadhalika.
4. Nani anaruhusiwa kujiunga au kutumia, na kwa masharti gani? Jibu huleta *huria* au kinyume chake.

Makosa mengi hutokea pale jibu la swali la tatu linapotumiwa kujibu maswali yote manne.

Elimu masafa (nomino, *elimu* ni ya ngeli ya I-ZI)

Elimu ambayo mwalimu na mwanafunzi wametengana kimahali kwa sehemu kubwa ya muda wa masomo, na chombo fulani kinaunganisha pande hizo mbili. Chombo kinaweza kuwa barua, kitabu, redio, televisheni au intaneti. Kwa hiyo ujifunzaji mtandaoni unaweza kuwa aina moja ya elimu masafa, lakini elimu masafa si lazima iwe ya mtandaoni. Tanzania ilikuwa na elimu kwa njia ya posta katika miaka ya 1970, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, muda mrefu kabla ya intaneti kuingia nchini.

Matumizi: Neno *masafa* lina maana mbili zinazoweza kugongana. Ya kwanza ni umbali kati ya mahali na mahali. Ya pili ni idadi ya mitetemo ya mawimbi, kama katika *masafa ya redio*. Sentensi "Elimu hutolewa kwa masafa ya redio" na "Elimu masafa hutolewa kwa redio" hazina maana moja. Ya kwanza inazungumzia mawimbi. Ya pili inazungumzia utengano wa mwalimu na mwanafunzi. Katika nchi ya milima, umbali wenyewe haupimwi kwa kilometa pekee. Safari fupi kwenye ramani, kutoka kijiji cha juu hadi mjini, yaweza kumaliza siku nzima wakati wa masika. Mwandishi anayetaka kueleza ugumu huo aeleze njia na muda wa safari. Neno *masafa* peke yake halitoshi.

Elimu huria (nomino, I-ZI)

Elimu iliyopunguziwa vizuizi vya kujiunga, kama vile umri, ratiba, mahali na wakati mwingine sifa za awali. *Huria* asili yake ni Kiarabu, na hubeba maana ya kutofungwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na jina lake linataja sera ya kujiunga, wala halitaji chombo cha kufundishia.

Matumizi: *Huria* si *bure*. Mwanafunzi wa chuo kikuu huria hulipa ada. Vivyo hivyo, *programu huria* ni ile ambayo mtumiaji ana ruhusa ya kuisoma misimbo yake, kuibadilisha na kuisambaza. Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo unaotumiwa na vyuo vingi Afrika Mashariki, ni programu huria. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Chuo hakilipii leseni ya Moodle, lakini hulipia seva, umeme na wataalamu, na mwanafunzi hulipia intaneti ya kuufikia. *Nyenzo huria za elimu* nazo ni vitabu, video na mazoezi ambayo wenye hakimiliki wameruhusu yatumiwe na kurekebishwa na wengine. Kitabu kinachosomeka bila malipo lakini kisichoruhusiwa kunakiliwa ni cha bure, si huria.

Mtandao, mtandaoni (nomino, U-I, kielezi cha mahali)

Kutokana na kitenzi *tandaa*, yaani kuenea pande zote. Katika elimu, *mtandao* humaanisha mfumo wa intaneti unaounganisha vifaa. Katika mazungumzo ya kila siku ya Tanzania neno hilo hilo humaanisha pia kampuni ya simu ("Unatumia mtandao gani?") na uwezo wa simu kupata mawasiliano mahali fulani ("Huku mtandao haushiki").

Matumizi: Maana hizi tatu hukutana katika sentensi moja na kuzua utata. "Mwanafunzi hana mtandao" yaweza kusema kwamba kijiji hakina mawasiliano, kwamba simu ina mawasiliano lakini kifurushi kimekwisha, au kwamba simu yake haiwezi kutumia intaneti. Kila tatizo lina tiba yake: la kwanza linahitaji mnara, la pili linahitaji fedha, la tatu linahitaji kifaa. Ripoti inayosema tu "ukosefu wa mtandao" haimwambii msomaji nini kifanyike. Inashauriwa kuandika *hakuna mawasiliano ya simu*, *kifurushi kimeisha* au *kifaa hakipokei intaneti*, kulingana na hali.

*Kifurushi* ndilo neno la maandishi rasmi. *Bando* ni neno la mazungumzo lenye maana hiyo hiyo, na linafaa katika mahojiano na masimulizi. Kisarufi, *mtandaoni* hufuata upatanisho wa mahali: *mtandaoni kuna masomo*, *mtandaoni mna hatari zake*. "Mtandaoni una masomo" ni kosa.

Mubashara, ujifunzaji wa nyakati tofauti

*Mubashara* ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya moja kwa moja, na limezoeleka katika utangazaji. *Kipindi mubashara* ni kile ambacho mwalimu na mwanafunzi wanashiriki kwa wakati mmoja, wakiwa mahali tofauti. Kinyume chake ni *ujifunzaji wa nyakati tofauti*: mwalimu huweka somo, na mwanafunzi hulisoma au kulitazama saa yake inapowadia.

Matumizi: Tangazo linalosema "kozi ni ya mtandaoni" bila kutaja wakati halijakamilika. Mkulima wa mboga wa Mgeta anayejiendeleza kimasomo anaweza kumudu kozi ya nyakati tofauti akishuka sokoni mara moja kwa wiki na kupakua masomo huko. Kozi mubashara ya kila jioni saa mbili hawezi kuimudu. Kozi zote mbili zinaitwa za mtandaoni, lakini moja inamfaa na nyingine inamwacha nje. Neno *mubashara* lisitumiwe kwa rekodi ya kipindi kilichokwisha. Hiyo ni *marudio* au *rekodi*.

Ujifunzaji mseto (nomino, U-)

Mpango wa masomo unaounganisha ana kwa ana na njia nyingine kwa makusudi, kila sehemu ikitegemea nyingine. *Mseto* ni jina la chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja, na tayari limo katika istilahi *kilimo mseto*, upandaji wa miti pamoja na mazao. Katika mji wenye chuo kikuu cha kilimo, wanafunzi wengi hulifahamu neno hilo kabla ya kulikuta katika elimu, na maana waliyoizoea inawaongoza vizuri: sehemu zimo pamoja na zinafaana.

Matumizi: Kuweka picha za slaidi za mhadhara kwenye mfumo baada ya darasa si ujifunzaji mseto, ni kuhifadhi maudhui. Mseto hupatikana pale darasa linapoanzia kwenye kazi ambayo mwanafunzi ameshaifanya kwingine. Mfano mkubwa nchini hauna uhusiano wowote na intaneti. Kampeni ya *Mtu ni Afya* ya mwaka 1973 iliunganisha vipindi vya redio, vitabu vilivyochapishwa na vikundi vya kujifunza vyenye viongozi waliopewa mafunzo, na ilishirikisha takriban watu milioni 2. Kikundi kilisikiliza, kikasoma, kikajadili, kisha kikaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba. Redio peke yake isingefanya kazi hiyo, wala kitabu peke yake. Baadhi ya waandishi hutumia *ujifunzaji changamani* kwa dhana hii. *Changamani* hudokeza ugumu na utata zaidi kuliko muungano, hivyo *mseto* ni bora.

Pakia, pakua (vitenzi elekezi). Nje ya mtandao

*Pakia* ni kutia shehena katika chombo. *Pakua* ni kuitoa. Kiambishi *-u-* katika *pakua* kinageuza tendo, kama katika *funga* na *fungua*. *Pakua* pia ni kutoa chakula chunguni na kukitia katika sahani. Katika teknolojia ya elimu, mwalimu *hupakia* somo kwenye mfumo na mwanafunzi *hulipakua* kwenye kifaa chake.

Matumizi: *Kupakua* na *kutazama mtandaoni* ni vitendo viwili. Anayetazama video mtandaoni hutumia data kila anapoirudia; aliyeipakua hulipia mara moja na kuirudia apendavyo. *Ujifunzaji nje ya mtandao* ni ule unaotumia maudhui ya kidijitali yaliyokwisha kupakuliwa, au yaliyobebwa katika kadi ya kumbukumbu. Usichanganywe na kutotumia teknolojia. Mwanafunzi aliyepakua somo mjini na kulisoma usiku kijijini mlimani anatumia teknolojia ya elimu kikamilifu, ingawa takwimu za mfumo zinaweza kumwonyesha kuwa alikuwamo kwa dakika chache tu.

-pepe (kivumishi kisichobadilika)

Kipashio kinachofuata nomino na kuonyesha kwamba kitu kipo au hupelekwa kwa njia ya kielektroniki: *barua pepe*, *maktaba pepe*, *darasa pepe*. Maana yake inaambatana na *pepea* na *upepo*.

Matumizi: Lipo neno jingine *pepe*, linalojulikana sana kwa wakulima wa mpunga, lenye maana ya punje tupu isiyo na kiini, inayopeperushwa wakati wa kupepeta. Katika maandishi ya mafunzo ya kilimo, mwandishi achukue tahadhari: *mbegu pepe* itaeleweka kuwa mbegu tupu, hata kama alikusudia orodha ya mbegu iliyo mtandaoni. Hapo aandike *orodha ya kielektroniki ya mbegu*.

Kishikwambi, simujanja, simu ya kitochi (nomino)

*Kishikwambi* (KI-VI) ni kifaa bapa cha kompyuta kinachotumiwa kwa kugusa kioo. Neno lilienea sana Tanzania wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipokusanya taarifa kwa vishikwambi. Baadaye vifaa hivyo viligawiwa walimu. *Simujanja* ni simu yenye uwezo wa kutumia intaneti na programu. Wengine huandika *simu janja*, na maandishi yote mawili yanakubalika mradi moja lifuatwe tangu mwanzo hadi mwisho. *Simu ya kitochi*, au kwa utani *kiswaswadu*, ni simu ya vitufe ya kupiga na kutuma ujumbe mfupi.

Matumizi: "Wanafunzi wana simu" ni taarifa pungufu. Mfumo unaohitaji simujanja hauwezi kumhudumia mwenye kitochi, ilhali mazoezi yanayotumwa kwa ujumbe mfupi humfikia. Aina ya simu itajwe.

Ufundishaji, ujifunzaji (nomino, U-)

*Ufundishaji* ni tendo la mwalimu. *Ujifunzaji* ni tendo la mwanafunzi. Yote mawili hutokana na shina *-funz-/-fund-*, lakini kiambishi *-ji-* cha kujirejea katika *kujifunza* kinamweka mwanafunzi kuwa mtenda. Hii ndiyo tofauti yenye uzito kuliko zote katika uwanja huu, na ndiyo inayopotea mara nyingi zaidi.

Historia ya Uluguru ina mfano wake. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ulioagiza wakulima wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Maagizo yalitolewa, wasimamizi walikuwapo, na kazi ilikaguliwa. Wakulima waliona kazi ni nzito na faida haionekani. Upinzani ulifikia kilele Matombo mwaka 1955, na mpango ukaachwa. Kwa istilahi za leo, maudhui yaliwasilishwa, lakini ujifunzaji haukutokea.

Matumizi: Vyuo vikuu vya Tanzania vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19 na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni, swali la nani aliyejifunza katika kipindi hicho lilikuwa tofauti na swali la nani aliyewekewa masomo. Sentensi "Masomo yaliendelea mtandaoni" inaweza kuwa kweli kwa upande wa mwalimu na isiwe kweli kwa upande wa mwanafunzi aliyerudi kijijini. Mwandishi anayeeleza kazi ya mwalimu atumie *ufundishaji* au *uwasilishaji wa maudhui*. Neno *ujifunzaji* alitumie akiwa na ushahidi wa upande wa mwanafunzi.

Kwa sababu hiyo hiyo, *kuingia kwenye mfumo* kusifasiriwe kuwa *kuhudhuria*. Kuingia ni tendo la kutoa nywila na kukubaliwa na mfumo. Mahudhurio ni kuwapo na kushiriki.

Upatikanaji, ufikiaji, ufikivu (nomino, U-)

*Upatikanaji* ni hali ya kitu kuwapo tayari kwa matumizi. *Ufikiaji* ni tendo la mtumiaji kukifikia. *Ufikivu* ni sifa ya kitu chenyewe kuweza kufikiwa na watu wa hali mbalimbali, wakiwamo wasioona, wasiosikia na wenye vifaa duni. Video isiyo na maandishi ya chini inapatikana, na wengi huifikia, lakini haina ufikivu kwa kiziwi. Faili kubwa la video linapatikana kwa wote waliosajiliwa, lakini ufikivu wake ni mdogo kwa mwenye mawasiliano hafifu. Maandishi yaleyale katika faili dogo yana ufikivu mkubwa zaidi. *Pengo la kidijitali* ni tofauti kati ya makundi ya watu katika mambo haya, na lisielezwe kana kwamba ni pengo la minara peke yake.

Sentensi za kurekebishwa

Mifano ifuatayo ni ya kubuni, kwa ajili ya mazoezi.

"Wanafunzi wote walifikiwa mtandaoni." *Bora:* "Somo liliwekwa kwenye mfumo. Wanafunzi 40 kati ya 60 walilipakua."

"Kozi ni ya bure, mtandaoni." *Bora:* "Kozi haina ada. Vipindi si mubashara, na masomo yanaweza kupakuliwa. Mwanafunzi hugharimia kifurushi chake."

"Kijiji hakina mtandao." *Bora:* "Kijijini hakuna mawasiliano ya simu. Wanafunzi hupata intaneti kwenye kigongo kilicho juu ya shule."

"Mwanafunzi alihudhuria mara mbili." *Bora:* "Mwanafunzi aliingia kwenye mfumo mara mbili na kuwasilisha zoezi moja."

Katika kila jozi, sentensi ya pili ni ndefu kidogo. Urefu huo una faida yake: mkuu wa idara akiisoma anaweza kujua mwanafunzi yupi amebaki nyuma ya kigongo na anahitaji nini, ama kitabu kilichochapishwa, ama kadi ya kumbukumbu, ama ratiba nyingine. Sentensi ya kwanza ingemhesabu mwanafunzi huyo miongoni mwa waliofikiwa, na jina lake lisingeulizwa tena hadi siku ya mtihani.